Kichupa cha Watoto Kumi

Gahongayire hakuchaguliwa kwa sababu alikuwa muuguzi bora kuliko wenzake. Alichaguliwa kwa sababu alijua Kiswahili.

Kituo kidogo cha afya alichofanyia kazi kilikuwa pale Rwezamenyo inapokutana na Nyamirambo, na wauguzi wake wote walikuwa watu wa milimani, waliokua na Kinyarwanda na kusomeshwa kwa Kifaransa. Kiswahili cha mtaa ule walikiona ni kelele za sokoni. Gahongayire alikuwa amepanga chumba katika ua wa mshonaji nguo mmoja Mwislamu, na kwa miaka minne alikuwa amejifunza lugha ya majirani kwa njia ya kuchekwa. Herufi r na l zilimpiga chenga. Siku moja alimuuliza mama mmoja kama mtoto wake ameanza kura, na ua mzima ukamjibu kwamba mtoto yule bado hajafikia umri wa kupiga kura. Alicheka nao, akarudi kuuliza vizuri.

Alikuwa na miaka thelathini na moja, mrefu, asiye na maneno mengi. Baba yake alikuwa mwalimu wa shule ya msingi upande wa Kibuye. Gahongayire alikuwa na mchumba aliyekwenda kusoma Ubelgiji, na baada ya mwaka mmoja barua zikakoma. Majirani waliacha kumuuliza habari za ndoa, naye hakuonekana kuhuzunika. Jumapili baada ya misa alipiga pasi sare zake nyeupe za wiki nzima na kuzitundika kwa mpangilio, na mshonaji alikuwa akisema kwamba nguo zile zingeweza kwenda kazini zenyewe.

Mkuu wa wauguzi pale kituoni aliitwa Cécile. Alikuwa mjane aliyepita miaka hamsini, anavaa saa ya kiume, na akitembea kwenye ujia wagonjwa walikaa vizuri kwenye mabenchi bila kuambiwa. Gahongayire alipofika Kigali mara ya kwanza, hana pa kulala, Cécile ndiye aliyemkaribisha nyumbani kwake. Alipopata malaria kali mwaka uliofuata, Cécile ndiye aliyemlisha supu kwa kijiko. Kwa hiyo alimwita Mama Cécile, naye Cécile alimwita mwanangu, hata mbele ya wagonjwa.

Mvua ndefu za mwaka 1992 zilikuja na surua. Watoto waliugua nyumba kwa nyumba, na baadhi yao walikufa kwa kichomi kilichofuata. Nchi ilikuwa katika vita upande wa kaskazini, kwenye barabara za kuingia mjini kulikuwa na vizuizi vya askari, na wakubwa wa afya hawakuwa na muda mwingi wa surua ya mtaa mmoja. Walikuwa tayari na maelezo: wakazi wengi wa pale ni Waislamu, na Waislamu wanakataa sindano. Maelezo hayo yalisemwa katika mikutano mpaka yakawa kama jambo lililothibitishwa.

Dokta Évode hakuyakubali wala hakuyakataa. Alikuwa daktari kijana aliyerudi karibuni kutoka masomoni, mwenye miwani minene na mkoba wa ngozi uliochubuka pembeni. Alipata ruhusa ya kufanya utafiti: kwa nini akina mama wa mtaa ule huwaleta watoto kwa chanjo za kwanza, halafu hawarudi kwa chanjo ya surua mtoto akifika miezi tisa? Alikuja kituoni kuomba muuguzi wa kumsaidia.

"Nahitaji mtu anayeweza kuingia majumbani na kuzungumza nao kwa lugha yao," alimwambia Cécile.

"Nina wauguzi wanne na foleni inayofika barabarani," Cécile akamjibu. "Ukimchukua mmoja, nani atapima wajawazito?"

"Ni mchana tu, mara mbili kwa wiki."

"Mchana ndio tunachemsha vifaa, Dokta. Au ugonjwa unapumzika mchana?"

Lakini ruhusa ilikuwa imeshatoka juu, na Cécile hakuwa mtu wa kupigana na ruhusa. Alimwita Gahongayire ofisini akamwambia aende, na afanye kazi ile kama anavyofanya nyingine zote. Wenzake hawakuwa wakarimu hivyo. Kila alipotoka na karatasi zake za maswali, mmoja wao alimuuliza profesa anaelekea wapi leo, na akirudi alikuta vyombo vya kuchemshwa vimemsubiri.

Dokta Évode alimfundisha kazi kwa siku chache chini ya kibaraza cha kituo. Alimwonya asimpe mtu jibu, asitikise kichwa kukubali, asikunje uso. Jambo moja alilirudia zaidi ya mengine.

"Usifundishe. Ukiona amekosea, mwache. Ukianza kufundisha, umeacha kuuliza."

Hilo ndilo lililomshinda Gahongayire kwa muda mrefu. Miaka tisa alikuwa amewaambia watu la kufanya. Sasa aliketi mbele ya mama anayempa mtoto wa wiki mbili maji ya sukari, akaandika kwenye karatasi, akameza mate.

Wiki za mwanzo zilikwenda vizuri kupita kiasi. Aliingia uani akiwa na sare yake iliyopigwa pasi, na mara moja kiti kilifutwa vumbi, watoto wakafukuzwa nje, mtu akatumwa Fanta. Mama aliketi ameshika mikono magotini. Kwa nini mtoto hakupelekwa kwa chanjo ya surua? Nilisahau, muganga. Nilisafiri, muganga. Ni uzembe wangu tu, muganga. Ua baada ya ua majibu yalikuwa hayohayo, na mara nyingi yalifuatwa na ahadi ya kutorudia.

Dokta Évode aliyapokea kwa furaha. "Basi si dini," alisema. "Ni kusahau. Tutaweka mabango, tutapitisha gari lenye kipaza sauti." Gahongayire hakuwa na la kumpinga. Aliona tu kwamba wanawake hao waliokuwa wakisahau walikumbuka vizuri siku ya soko, siku ya kupokea zamu ya mchezo wa vyama vyao, na arobaini ya kila marehemu wa mtaa.

Miongoni mwa waliosema wamesahau alikuwamo Zamuda, mwanamke wa umri wake, muuza dagaa katika soko la Nyamirambo. Msichana wake mdogo, aliyekuwa anaanza kusimama, alikuwa amekufa katika surua ile. Alipohojiwa mara ya kwanza alijibu kila swali kwa neno moja moja, akamsindikiza muuguzi hadi mlangoni, akafunga.

Mchana mmoja mvua ilimkuta Gahongayire njiani karibu na nyumba hiyo. Ilikuwa mvua ya kweli, inayogeuza vichochoro kuwa mito myekundu, na alipofika chini ya paa la jiko la Zamuda sare ilikuwa imemng'ang'ania mwilini, ina matope hadi kiunoni. Zamuda alimtazama, akaingia ndani, akatoka na kitenge na blauzi.

"Vua hiyo, utaugua. Tutaikausha hapa kwenye makaa."

Kwa hiyo muuguzi akakaa kwenye kigoda jikoni amevaa kitenge cha mwenyeji wake. Mbele yao palikuwa na ungo wa maharage. Hakuna aliyemwambia asaidie. Aliweka mkono akaanza kuchambua, kama ambavyo angefanya kwao Kibuye. Mvua ilikuwa inapiga bati kwa nguvu.

"Ile karatasi yako," Zamuda akasema. "Uliandika nini juu yangu?"

"Ulichoniambia, dada. Kwamba ulisahau."

"Ndivyo nilivyosema."

"Ndiyo."

"Ungetaka niseme nini mbele ya nguo ile?" Alielekeza kidevu kwenye sare iliyokuwa ikitoa mvuke. "Sikusahau mimi. Nilikuja. Siku ya kwanza nikaambiwa watoto hawajatimia, nirudi wiki ijayo. Nikarudi. Siku hiyo tulikuwa sita, tukaambiwa kichupa hakifunguliwi kwa watoto sita. Mara ya tatu nilikuwa na mzigo wa dagaa, nikachelewa, nikakuta wamepata watoto wao, wameshawachoma, wamefunga. Sikwenda tena. Ningekwenda tena? Kila nikija naacha meza yangu sokoni, na meza ukiiacha mwingine anakaa."

Gahongayire aliuliza swali ambalo halikuwa kwenye karatasi. "Nani alikwambia urudi?"

"Siku ya kwanza yule mama mkubwa mwenye saa. Siku ya pili wewe."

Hakulisema kwa ukali. Aliendelea kutupa vijiwe nje ya ungo. Gahongayire alijaribu kuikumbuka siku ile, foleni ile, uso huu ukiwa upande wa pili wa meza na mtoto mgongoni, akashindwa. Alikuwa amewaambia neno hilo wanawake wengi mno. Rudi wiki ijayo, mama. Lilikuwa limekuwa sawa na salamu.

"Pole, dada," akasema.

"Haya," Zamuda akajibu.

Maharage yalikuwa yamekwisha kuchambuliwa, lakini wote wawili waliendelea kuyapitisha vidoleni hadi mvua ilipopungua.

Sheria ya kituo ilikuwa hivi. Chanjo ya surua huja katika kichupa kimoja kinachotosha watoto kumi. Kikishafunguliwa, dawa lazima itumike siku ileile. Inayobaki jioni inamwagwa. Pale kituoni kichupa hakikufunguliwa mpaka watoto wakaribie kumi. Kila muuguzi aliijua sheria hiyo, na hakuna aliyekuwa ameihesabu kuwa sababu ya jambo lolote. Iliwekwa kulinda dawa, na dawa ililindwa.

Tangu siku ile Gahongayire hakwenda tena majumbani na sare. Alipita kwanza nyumbani kwake akavaa sketi na kitambaa cha kichwa. Hakuketi kwenye kiti kilichofutwa vumbi. Alitafuta kigoda au mkeka palipokuwa na kazi. Na badala ya kuuliza kwa nini mtoto hakuletwa, alisema, "Nisimulie siku ulipokuja kituoni." Wanawake walimtazama, wakatazamana, halafu wakaanza. Wengi walikuwa na siku kama ya Zamuda. Wengine walisimulia mengine: aliyerudishwa kwa kupoteza kadi, aliyeambiwa mbele ya watu kwamba mtoto wake ananuka. Mama mmoja aliigiza sauti ya Cécile vizuri hivi kwamba watoto wa ua ule walikimbia.

Alipompelekea Dokta Évode habari hizi, daktari alivua miwani, akaifuta kwa muda mrefu.

"Umebadilisha swali," alisema.

"Ndiyo, Dokta."

"Umebadilisha katikati ya utafiti. Nitayalinganishaje majibu ya mwanzo na haya?"

"Ya mwanzo si ya kweli."

"Umejuaje kwamba haya ni ya kweli? Labda wameona unapenda kusikia habari za kituo, wanakupa."

Gahongayire hakuwa amelifikiria hilo. Daktari alizunguka meza, akatazama dirishani ambapo askari wawili walikuwa wakisimamisha pikipiki, kisha akarudi na jambo ambalo muuguzi alikiri baadaye kwamba lisingemjia yeye.

"Umewauliza wale ambao watoto wao wamechanjwa?"

"Hapana. Hao hawana tatizo."

"Ndiyo maana. Nenda kawaulize. Kama hao hawakurudishwa hata mara moja, umepata sababu yako. Kama nao walirudishwa, basi sababu ni nyingine, au haitoshi."

Alikwenda, kwa miezi, kati ya foleni na vyombo vya kuchemsha. Kumbe nao walirudishwa, karibu wote. Tofauti ni kwamba waliishi karibu, au walikuwa na mama mkwe wa kuachiwa nyumba, au mume mwenye mshahara. Waliweza kurudi hadi kichupa kifunguliwe. Wauza dagaa, wauza mkaa na wafua nguo za watu hawakuweza. Dini haikuonekana popote. Ukuta mmoja ungeweza kuwatenganisha Mwislamu na Mkatoliki ambao wote wawili walikuwa wamekosa sindano kwa njia ileile. Dokta Évode aliposoma majumuisho alisema kwamba hii sasa ni kazi, na kwamba itasomwa mbele ya wakubwa wa wizara kule Kimihurura.

Aliyebaki kuambiwa alikuwa Cécile.

Gahongayire angeweza kunyamaza, na Cécile angesikia pamoja na wengine. Daktari mwenyewe alimshauri hivyo, akasema matokeo ya utafiti hayaonyeshwi mtu kabla ya wakati. Yeye aliona haiwezekani. Jumamosi moja alasiri alipanda kwa Cécile na chupa ya maziwa, kama alivyozoea. Walizungumza Kinyarwanda, habari za ndugu na bei ya sukari, kisha akamweleza yote bila kuzunguka.

Cécile alisikiliza hadi mwisho. Alikuwa anageuza saa yake mkononi.

"Kwa hiyo ni mimi niliyewaua," alisema.

"Hakuna aliyeandika hivyo, Mama."

"Wataandika. Unajua kwa nini sifungui? Mwaka ule kabla hujaja nilifungua kwa watoto watatu. Jioni nikamwaga. Nilifanya hivyo mara kadhaa, na mwisho wa mwezi niliitwa nikasimamishwa mbele ya vijana ninaoweza kuwazaa, nikaulizwa kama dawa ya wazungu nadhani ni maji ya mto. Niliapa sitasimamishwa tena. Na sijasimamishwa. Kituo changu ndicho kinachomwaga dawa kidogo kuliko vyote mjini. Nilipongezwa."

"Sikulijua hilo."

"Hukuuliza. Umezunguka mtaa mzima unauliza, nyumba hii hukuingia." Alinyanyuka, akachukua chupa ya maziwa kutoka mezani, akamrudishia. "Nenda nayo. Leo sina mgeni."

Alikuwa amesema kweli, na Gahongayire aliijua njiani akiteremka. Katika karatasi zake hapakuwa na swali hata moja kwa wauguzi. Jumatatu iliyofuata alimwendea Dokta Évode akaomba wiki mbili zaidi, akawahoji wenzake mmoja mmoja, hata wale waliomwita profesa. Kila mmoja alikuwa na hofu yake ya kuulizwa juu ya dawa iliyomwagwa. Cécile peke yake alikataa kuhojiwa. Kazini alimwita Gahongayire kwa jina lake, si mwanangu, na alimpa amri kwa adabu kama mgeni.

Mkutano ulifanyika mwanzoni mwa 1993, katika ukumbi wenye mapazia mazito. Wakuu wa vituo vyote vya jirani walialikwa, na Cécile alikuja, akakaa safu ya nyuma. Dokta Évode alitoa utangulizi kisha akamwachia Gahongayire nafasi, jambo lililowashangaza wengi, maana muuguzi hakuwa na desturi ya kusimama mbele pale. Alisoma kwa Kifaransa, polepole, macho kwenye karatasi. Kila alipofika mahali pa kusema nani aliyewarudisha akina mama alisoma "sisi". Tuliwarudisha. Tuliwaambia. Hatukufungua.

Alipomaliza, ofisa mmoja mnene aliyekuwa mbele akakohoa.

"Mnasema sisi. Sisi nani? Nani katika kituo hicho alitoa amri ya kutofungua?"

Gahongayire hakutaja jina. Dokta Évode alianza kueleza kwamba utafiti hautafuti mtu, ofisa akainua mkono kumkatiza, akarudia swali. Ndipo kiti kikakwaruza nyuma.

"Ni mimi," Cécile akasema. "Nina miaka ishirini na sita kazini. Amri niliitoa mimi, na sababu mnaijua, kwa maana niliipata katika ofisi zenu. Nitafungua kichupa kwa mtoto mmoja hata kesho asubuhi. Nataka tu mtu aliyemo humu aseme mbele ya wote hawa kwamba sitaulizwa kuhusu kinachomwagwa jioni."

Kisha mkuu mmoja wa kituo kingine, mwanamume, akasimama akasema naye anataka kusikia hivyo hivyo. Akafuata mwingine. Ofisa alitazama saa ya ukutani, akasema suala litajadiliwa. Dokta Évode hakumwachia. Aliuliza lini, na nani, na alipojibiwa aliandika mbele yao.

Ruhusa ilitoka kabla ya kiangazi. Siku za chanjo zikapangwa, moja ikiwa alasiri baada ya soko, na kichupa kikafunguliwa kwa yeyote aliyekuja. Mwanzoni walikuja wachache. Dawa nyingi ilimwagwa jioni, na Cécile ndiye aliyeimwaga mwenyewe, uso wake umekaza. Baadaye habari zikazunguka sokoni na foleni ikawa ndefu. Si wote waliorudi. Zamuda alijifungua mvulana mwaka ule, na kwa chanjo za kwanza alimpeleka kituo cha mbali, akipanda kilima na mtoto mgongoni kupita mbele ya mlango wa kituo chao. Gahongayire alimwona akipita, wakasalimiana.

Na Cécile hakurudi kumwita mwanangu. Siku moja alimwachia nusu ya mkate wake juu ya meza bila neno, na Gahongayire akaula bila neno. Hapo ndipo walipofikia.

Mwezi wa Aprili 1994 mauaji yalianza. Gahongayire alikuwa miongoni mwa wale ambao kabila lililoandikwa kwenye kitambulisho chao lilitosha kuwa hukumu. Hakuwahi kuzisimulia wiki zile kwa mpangilio. Kinachojulikana ni kwamba mshonaji mwenye ua alimficha juu ya dari, kwamba mke wake alimpandishia maji na uji ndani ya debe la nguo chakavu, na kwamba watu waliokuja kumtafuta waliambiwa alishakufa. Cécile aliuawa kituoni pamoja na wajawazito ambao hakukubali kuwaacha. Dokta Évode alionekana mara ya mwisho akielekea kusini kwa miguu. Baada ya hapo hakuna aliyepata habari zake. Nyumba ya Zamuda ilikutwa tupu, mlango umefungwa kwa nje, na majirani walisema alivuka kwenda Bukavu. Karatasi za utafiti ziliungua au ziliwashiwa moto wa kupikia.

Kituo kilifunguliwa tena mwezi wa Septemba. Mkuu mpya aliitwa Peace, Mnyarwanda aliyezaliwa na kukulia Mbarara, aliyerudi nchini mwaka huohuo na kuiona Kigali kwa mara ya kwanza. Hakujua Kifaransa, na Kinyarwanda chake kilikuwa na lafudhi ya Uganda. Kwa kuwa Gahongayire hakujua Kiingereza, wauguzi hawa wawili, wote Wanyarwanda, mara nyingi waliishia kuzungumza Kiswahili. Peace aliambiwa kwamba mwenzake aliwahi kufanya utafiti, akafurahi. Surua ilikuwa imeanza tena katika kambi na mitaa, na hakuna aliyejua watoto wangapi wapo.

"Tupite nyumba kwa nyumba," Peace alisema. "Nimeandaa maswali. Iko mafupi tu." Akamsomea. La kwanza lilikuwa: mama una watoto wangapi?

Gahongayire alimkatiza.

"Hilo siwezi kuuliza," alisema.

"Kwa nini? Ni swali rahisi."

"Lilikuwa rahisi. Sasa mama atakuuliza, unataka wa lini?"

Peace aliweka karatasi chini. Naye alikuwa amefiwa na kaka yake mdogo, Ngabo, katika mapigano ya Gikongoro, na mama yao akiulizwa bado alitaja watoto watano, naye akiwamo. "Basi tuulize vipi?" alisema. "Lazima tujue idadi, dada. Dawa zitaletwa kwa idadi."

Walikaa hapo asubuhi nzima wakijaribu maneno, Kiswahili na Kinyarwanda, wakifuta na kuandika. Peace hakutaka swali lisilo na hesabu ndani yake, na Gahongayire hakutaka swali litakalomfanya mtu ahesabu wafu. Mwishowe walikubaliana. Mchana wakatoka pamoja, bila sare, wakaanza na nyumba za juu ya msikiti.

Katika ua wa kwanza kulikuwa na mwanamke akimenya viazi vitamu, na watoto kadhaa wa sura tofauti wakimzunguka, wa ndugu, wa majirani, wengine aliowaokota tu barabarani. Aliwatazama wageni kwa wasiwasi. Gahongayire alichuchumaa, akatafuta kisu, akachukua kiazi.

"Mama," alisema, "chakula hiki ni cha watu wangapi?"

Mwanamke alisita, kisha akaanza kuwaita mmoja mmoja waje wasimame mbele.